Tiho

Kadi ya kitandani inasema Aurora.
Wiki ya tatu sasa wauguzi wanaliita jina hilo
naye haligeukii,
kama mtu anayesikia hodi kwenye mlango wa jirani.

Dokta Furlan ametuonyesha picha ya ubongo wake:
upande wa kushoto, juu kidogo ya sikio,
doa jeusi kama la kahawa kwenye kitambaa cha meza.
"Hapa," akasema, "ndipo Kiitaliano kilipokaa."
Kisha akajisahihisha, maana ni mtu mkweli:
lugha haikai mahali pamoja kama sahani kabatini.
Imetandazwa. Kinachokatika ni njia.
Na njia ya zamani, iliyokanyagwa na miguu midogo,
wakati mwingine huwa ya mwisho kuota majani.

Namwonyesha mkate. Pane, namwambia. Pane, mama.
Anaitazama midomo yangu kwa huruma
kana kwamba mimi ndiye niliyepigwa na kiharusi.
Kruh, anasema.
Namwonyesha glasi. Voda.
Miaka hamsini na miwili mimi ni mwanawe
na sijawahi kumsikia akiomba maji kwa neno hilo.

Lakini neno analolirudia ni moja: tiho.
Analisema usiku, analisema treni ikipita chini ya dirisha,
tiho, tiho, na mkono wa kushoto, ule mzima,
unapanda wenyewe hadi mdomoni.

Baba alikaa na neno hilo siku nne.
Siku ya tano, ndani ya lifti, akaniuliza akitazama viatu vyake:
"Ornella, huyu Tiho ni nani?"
Miaka themanini na sita, mstaafu wa kreni za bandari ya Trieste,
aliyeoa mke mmoja na kununua kofia mbili tu maishani,
na wivu umemkaba koo kama kijana wa ishirini.
Dokta alitueleza kwamba ndani kabisa ya ubongo
kuna kidude chenye umbo la lozi; humo hofu huwashwa,
na kidude hicho hakijui kusoma kalenda.
Nikamtazama baba, nikaamini.

Aliyetufungulia ni Milojka. Hupiga deki wodini,
huvuka mpaka kila alfajiri kutoka Sežana kwa pikipiki.
Akaegemeza ufagio ukutani, akasema: "Zora?"
Mama akageuka. Shingo nzima, macho yote.
Zora ni alfajiri. Aurora ni alfajiri.
Mwaka wa thelathini na tatu karani alibadili moja kwa jingine
kwa muhuri, na shuleni mwalimu akamalizia kwa rula.
"Na Tiho?" baba akauliza, sauti ikikwaruza.
Milojka akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Si mtu, mzee. Maana yake ni nyamaza."

Ndani ya treni, basi. Mtoto wa miaka saba anauliza jambo
kwa lugha ya nyumbani, na kiganja cha mama yake
kinamziba mdomo kabla behewa halijasikia.
Hilo ndilo lililobaki kavu mafuriko yalipopita:
si sala, si bembelezi. Katazo,
tena katazo lililonong'onwa kwa lugha ileile
iliyokuwa ikikatazwa.

Nilikumbuka kila nilichowahi kumwuliza kuhusu utoto wake,
naye akanijibu, kwa Kiitaliano safi, kwamba hakuna la kusimulia.

Kesho yake baba alikuja na mkate ndani ya gazeti
na kikaratasi cha hati ya Milojka.
Kruh, akasoma, herufi ya mwisho ikamnasa kama mwiba wa samaki.
Mama akamrekebisha. Akakosea tena, akamrekebisha tena.
Mara ya nne mama alicheka, kwa nusu ya uso, ile iliyo hai,
na baba akaushusha ule mkono kutoka mdomoni
akautia mkate.

Tukielekea kituo cha basi aliniuliza
kama Milojka huwa na zamu Jumapili.
Anataka kujua kofia inaitwaje.