Kipimo cha Maji, Hale

Saa kumi na mbili asubuhi nashuka ngazi za saruji,
tochi mdomoni, daftari kwapani,
nasoma ubao wa chuma uliopigwa mistari myeusi:
mita moja, nukta sitini na mbili.
Mwaka wa kumi na tisa huu, mimi na mto,
na bado hatujazoeana.

Hapa mlima hauonekani.
Panda hata juu ya paa la kituo cha umeme,
utaona mkonge, mkonge, bomba la kiwanda kilichokufa,
na Usambara imejitandaza
utadhani nyuma yake hakuna nchi.
Kwangu Kibo ilikuwa picha ya kalenda ya benki,
mwezi wa Julai.

Ndipo alipohamishiwa kwetu Ndeanasia,
mwalimu wa hisabati, mzaliwa wa Marangu.
Alisimama darajani, akaniuliza kabla ya salamu:
"Haya maji, mnajua ni ya nani?"

Nikamwoa. Jibu nilikuwa sina.

Akimenya ndizi hunisimulia:
Mawenzi mvivu, moto wake haukai,
kila mara yuko mlangoni kwa Kibo, nipe kaa, nipe kaa,
hata Kibo akachoka, akashika mchi,
akamtwanga kichwa. Ndiyo maana kileleni ana mapengo.
Nikasema, kwetu Bonde jirani akizimikiwa
hupewa kijinga, haulizwi.
"Na kwetu pia," akasema. "Hadithi hii hutuonea aibu,
ndiyo maana hatuiachi."

Bibi yake alikuwa akitoka nje alfajiri
anatema mate kidogo kuelekea Kibo,
si kwa dharau: kwa dua.
Na wageni wapiga picha za theluji aliwacheka.
"Theluji ni kilemba," alisema. "Nani kanyonya kilemba?
Titi ni msitu, pale chini yake,
ambapo wingu hunaswa na ndevu za miti
likakamuliwa usiku kucha."

Mwaka ule wa ukame
kipimo kilishuka hadi mahali pasipo rangi.
Mitambo ikalala. Naye akalala.

Kaka zake walifika watatu, na gari la kukodi,
na jeneza lililokwisha kulipiwa.
"Kihamba kinamngoja. Mgomba umeshang'olewa, shimo liko wazi."
Nikawapa karatasi, mgongo wa mtihani wa Kidato cha Pili,
mwandiko wake, wino mwekundu:
*Msinirudishe. Mlima huja wenyewe.*

Nderingo, mkubwa wao, akasema: "Nionyeshe."

Tukashuka ngazi. Akachota kwa kiganja, akaonja, akatema.
"Humu mna Meru. Mna Upare. Mna mbolea,
mna sabuni ya Korogwe yote.
Kibo ni lipi?"

Nilifungua daftari nikalifunga.
Ubao wangu hupima kina,
haupimi ukoo.

Akasimama pale hata viatu vikaloa,
na alikuwa na viatu vizuri.
Kisha akapanda kimya, akaenda garini,
akarudi na isale, machipukizi manne katika gazeti bichi,
yale waliyokuja nayo kuniombea radhi
kwa kunichukulia mke.

Mchimba kaburi aliuliza, kichwa wapi?
Watu wanne tukanyosha mikono,
kila mmoja upande wake. Ikabidi simu ituamulie.

Nderingo mwenyewe alipanda isale, pembe kwa pembe,
kama mtu anayewekea shamba mpaka.
Basi hapa Hale pana kihamba sasa,
hatua saba kwa nne,
na mbuzi wa Mhina wameshajaribu kukila.

Leo: mita moja, nukta sitini na tatu.
Imepanda sentimita moja, na hapa hakujanyesha.
Kuna safu ya mwisho, Maelezo, ofisi hutaka sababu.
Kwa miaka nilikuwa nachora kistari.
Naandika: *mvua, kwao.*