Sentimita Kumi na Moja

Yadi ya magari, Sinza, nilikwenda na futi shingoni.
Sikukumbuka kuivua. Mazoea ya cherehani.
Hizza muuzaji akanitazama
kama nimekuja kumpima suruali.

"Washa," akasema, akanipa ufunguo usio na meno.
Nikabonyeza.
"Haijawaka."
"Imewaka, mama. Iko hai hiyo."
Nikainama kusikiliza
kama mkunga juu ya mimba changa.
Kimya.
Kisha mwanamke ndani ya dashibodi akanisalimu Kijapani
nami, kwa adabu, nikaitika: marahaba.

Haibridi, anasema Hizza. Injini ya petroli, mota ya umeme.
Kwenye foleni ya Mwenge umeme unasukuma,
barabara ikifunguka petroli inapokea.
Gari la mitala, basi, nikasema.
Na hawa wake wawili hawagombani?
Hizza akacheka tu. Bado hajaoa.

Nyumbani nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya vitambaa:
Kinyerezi hadi Kariakoo, kwenda na kurudi,
Noah yetu inakunywa kama mgeni asiyelipa.
Petroli ya wiki ni mapazia ya vyumba viwili.
Mkopo wa SACCOS, miaka mitatu,
ni vyumba vingapi hivyo?
Kalamu iliishiwa wino kabla yangu.

Elinihaki anasema betri ikifa tutauza kiwanja.
Fundi Chambuso wa Gerezani,
aliyeifumua Noah yetu mara saba na kuirudisha mara sita na nusu,
anasema: "Mle ndani kuna waya za rangi ya chungwa.
Zile sizigusi, dada. Nina watoto."

Mimi sikuuliza betri itakufa lini.
Niliuliza inakaa wapi.
Chini ya kiti cha nyuma, akasema Hizza,
akakipigapiga kiti kama godoro.
Hapo ndipo atakapokaa Nankondo
na mdogo wake, na chupa zao za maji zisizofungwa vizuri.

Kwetu ni bondeni.
Aprili ya mwaka juzi mto uliingia uani bila hodi,
ukaacha mstari kwenye ukuta, pale gari linapolala.
Elinihaki ameupaka rangi mara mbili.
Mstari unarudi.
Niliupima: arobaini na moja.

Basi pale yadi nikapiga magoti kwenye kokoto,
nikapima kutoka chini hadi kitundu
ambacho betri inapumulia, pembeni ya kiti.
Hamsini na mbili.
Hizza akasema hajawahi kuona mteja wa namna hii.

Sentimita kumi na moja.
Hizo nazijua. Ni pindo la pazia zito.
Nalikunja na kulishonea ndani, kwa siri ya kazi,
ili mteja akihamia nyumba ya madirisha marefu
anirudie, nilifumue, pazia lishuke.
Mto nao una pindo lake.
Sijui nani alilishona, wala aliacha kiasi gani.

Saa mbili usiku Noah inakohoa kwenye kona ya mwisho.
Nankondo anaacha daftari: "Baba huyo!"
Anakwenda kufungua geti kabla honi haijalia.
Hilo sikuliandika kwenye risiti.
Lile jingine litafika getini kimya,
litasimama nje na taa zake mpaka mtu achungulie.

Hizza amepiga simu. Kuna mteja mwingine, anasema,
wa Mbezi, ana fedha taslimu.
Huyo mteja wa Mbezi hata mimi ninaye,
humtoa kila pazia likikaa sana dukani.
Nikamjibu: ile nyeupe ya maziwa
usimwoneshe mtu hadi Jumatatu.
Sikusema nitainunua.

Walipolala nikatoka na tochi
kuupima ukuta upya.
Arobaini na mbili.
Au nimeshika futi vibaya.