Kumi na

Kazi yangu ni kuhesabu.
Mchana, nyuma ya kioo cha duka la vipuri, Kirinyaga Road,
nahesabu noti zinazonuka grisi.
Jumamosi ile, ukumbini Ngara, nilipewa kiti cha mbao
ubavuni mwa mwamuzi, nikaambiwa:
hesabu kwa sauti, usikohoe.

Maana dakika kumi zilikuwa zimekwisha
na seti ya tano ilikuwa saba kwa sita, haisogei.
Thuranira anapiga, Sakwa anarudisha.
Thuranira anapiga tena, kwa bega, kwa kiuno,
kwa kodi ya nyumba ya miezi miwili;
Sakwa, hatua nne nyuma ya meza,
anakata chini polepole kama anayemenya viazi,
na mpira unarudi umelewa, unapepesuka juu ya wavu,
unatua pale pale Thuranira asipopataka.

Saa ikalia. Kanuni ya kuharakisha:
anayeanzisha sasa amalize upesi,
kwani mpokeaji akirudisha mara kumi na tatu
pointi ni yake, hata kama hakushambulia kamwe.
Sakwa akajifuta jasho kwenye pembe ya meza.
Subira, aliyoambiwa tangu utotoni kuwa ni woga,
kumbe ilikuwa na ukurasa wake kitabuni.

Kumi na mbili kwa kumi na moja, Sakwa mbele.
Mpira mkononi mwa Thuranira.
Mvua ikaanza kumwaga kokoto juu ya mabati.

Moja, nikasema. Mbili. Tatu.
Lugha yetu ina huruma mwanzoni:
nne, tano, sita, zote silabi mbili,
mpira tap-tap, kinywa tap-tap,
saba, nane, tisa,
kumi.

Hapo ikaniacha barabarani.
Kumi na moja ni silabi tano,
na mpira hausubiri sarufi.
Kumi na mbili niliimeza nusu, nikairudia au sikuirudia,
Sakwa akakata, mpira ukavuka, ukagusa meza,
nikafungua kinywa: Kumi na

Thuranira akaupasua.
Ukuta. Ndoo ya maji. Kimya.

Kumi na ngapi?

"Hakutaja!" Thuranira alipaza raketi. "Nambari haikutoka!"
Kocha Hirani alikwishapanda benchi, kijitabu juu:
"Sheria inahesabu mipira, haihesabu maneno!"
Na Kagendo, kocha wa upande wa pili, kwa sauti ya chini
iliyopenya kuliko zote:
"Kumi na mbili aliisema mara mbili. Muulizeni."

Bi Nyanchoka, mwamuzi, akaniinamia.
Harufu ya peremende. "Ngapi?"

Vidole vya mikono vilikuwa vimekwisha kwenye kumi.
Vilivyobaki nilivikunja ndani ya kiatu cha kulia,
kiatu chenye tundu, soksi imelowa,
na nani awezaye kuapa kwa vidole vya mguu?
Vitatu, nilihisi.
Au viwili, na ganzi.

Nilimtazama Sakwa anisaidie.
"Mimi huwa sihesabu," akasema. "Nikihesabu nakosa."

"Kumi na tatu," nikasema,
na ilitoka nzima, laini, silabi zote mahali pake,
kama neno lililokuwa na nafasi siku nzima.

Vigelegele huku, "Wizi!" kule.
Thuranira alinipa mkono pia, kama kanuni inavyotaka,
kiganja baridi, hakubana.

Jumanne akaja dukani, hakujua nipo.
Plagi nne za Probox.
Alitoa noti za mia mia, mbichi kwa mvua,
akazipitisha chini ya kioo.
Nikahesabu kwa sauti, ndiyo desturi ya duka:
saba, nane, tisa, kumi,
kumi na moja,
kumi na

Macho yake yalikuwa kwenye midomo yangu.
Nyuma yake foleni ikaguna.

"Malizia," akasema.