Zamu, Ghorofa ya Tatu

Agosti nilikata glavu za karatasi,
jozi thelathini na nne, nikaandika majina,
nikazibandika milangoni. Nilikosea moja:
Signe nilimwandika Signi.
Hakusema kitu. Aliigeuza i kuwa e
mwenyewe, kwa wanja.

Hii ndiyo kazi. Chumba cha bure, mlo wa bure,
na simu nyeusi ya zamu, nzito kama jiwe la mizani,
ambayo lazima ilale karibu na sikio langu
kila Jumanne, na Jumamosi moja kati ya tatu.
Mama anauliza: "Kwa hiyo wewe ni mlinzi?"
Siyo mlinzi, mama. "Matroni?" Siyo matroni.
"Mwenye nyumba?" Nyumba si yangu hata kitasa.
Basi akaamua mwenyewe. Kondoa nzima sasa inajua
binti wa Mwajabu ni kiranja huko Duluth.

Kiranja, sawa.
Anayefungulia watu milango saa nane za usiku
wakiwa na taulo tu, povu bado shingoni.
Anayenusa popkoni iliyoungua na kujua ni mlango gani.
Anayekaa katikati ya Brenna na mwenzake wa chumba,
mkataba wao wa kuishi pamoja umelala mezani,
kifungu cha nne, nani azime taa, saa ngapi,
na kugundua, baada ya saa nzima, kuwa ugomvi si taa.
Ni kwamba Novemba mmoja alifiwa na mbwa,
na mwingine akasema, "Ni mbwa tu."

Sinki la jikoni likajaa tena.
Matangazo matatu ya Kiingereza hayakufua dafu,
nikabandika la nne kwa lugha yangu, kwa hasira, kwa vina:

    Sufuria hii nani, aliyeiacha hapa?
    Imeota kuvu ndani, hata inzi wanakwepa,
    Mama hayupo jikoni, wa kusugua kwa pupa,
    Osha leo, si mwakani, la sivyo ninaitupa.

Hakuna aliyeelewa neno. Asubuhi sinki lilikuwa jeupe.
Chini ya karatasi mtu ameuliza kwa penseli:
Hii ni laana?

Sikujibu.

Kisha Februari, digrii ishirini na nane chini ya sifuri,
ziwa limekuwa uwanja, madirisha yanalia kwenye fremu zake.
Signe mlangoni kwangu, soksi mbili zisizofanana.
"Ahidi kwanza. Ahidi hutamwambia mtu."

Hapa ndipo siku zote tisa za mafunzo, slaidi na biskuti,
hukunjika zikawa sentensi moja,
na lazima uiseme kabla hajaketi,
wakati bado anaweza kugeuka:
Siwezi kuahidi hilo.
Nilitaka kuongeza kwamba kwetu wanasema
mficha uchi hazai. Nikaona haitavuka.
Nikaacha mlango wazi upana wa kiatu.

Alisimama. Feni ya bafuni ilikuwa ikiunguruma.
Nikawaza, akiondoka nitakuwa nimefuata sheria
na sitalala mwezi mzima.

Akaketi sakafuni, mgongo kwenye friji yangu ndogo,
akasema. Hayo siyaandiki hapa.
Niliyaandika panapotakiwa, saa kumi na dakika tano,
kwa sentensi fupi, bila vivumishi, kama tulivyofundishwa:
Mkazi alisema. Msaidizi alisikiliza. Msaidizi alipiga simu.
Fomu haina kisanduku cha kusema nilimshika mkono
mpaka mshauri alipofika na buti zake za theluji,
wala kwamba mkono ule ulinuka maganda ya chungwa.

Alikwenda kwao. Wiki moja, mbili, tano.
Ofisi ikauliza kama mlango ule uandikwe mtupu.
Nikasema bado.
Kila raundi nilipopita
niliikandamiza kwa kidole gumba
ncha ya glavu iliyoanza kujikunja.

Machi, Jumanne yangu, simu nyeusi ikalia.
"Samahani. Nimejifungia nje."
Nikatoka mbio na funguo,
dawa ya meno ingali mdomoni.