Fulani wa Majaribio

Daftari la chama cha kahawa, Uru, lina jalada la kitambaa cheusi,
kurasa zimevimba kama andazi kwa unyevu wa miaka.
Nilipewa siku arobaini nilihamishe lote:
wanachama mia tatu na kumi na wawili,
kilo zao, madeni yao ya mbolea, dole gumba zao za wino,
vyote vikae nyuma ya dirisha moja dogo la mtandao.
Ukiomba, likupe. Ukileta, lipokee.
Ukikosea, likwambie umekosea wapi.

"Na hilo dirisha," akauliza Aikande, karani wa mzani,
"lina karani?"
Nikasema halina.
Akarudi kwenye mzani wake.

Nyumbani Majengo, mvua ya Mei ikipiga bati,
niliandika milango minne:
Leta. Weka. Badili. Futa.
Nikaulizia mwanachama wa saba; nikajibiwa mia mbili,
yaani salama.
Nikaulizia wa elfu tisa: mia nne na nne,
hodi kwenye nyumba ambayo haijajengwa.
Nikatuma jina tupu, kilo zenye herufi ndani,
mavuno ya tarehe thelathini Februari.
Dirisha likakataa yote kwa adabu,
ila kilo hasi, ambazo lilizipokea kama mgeni wa heshima.
Nikaziba tundu hilo saa nane usiku.
Umeme ukakatika. Sikuwa nimehifadhi.
Nikaziba tena asubuhi.

Na kwa kuwa sikutaka kugusa mtu wa kweli,
nilimzaa mmoja wa kujaribia:
Fulani Fulani, Kitongoji cha Majaribio,
miche sifuri, simu sifuri sifuri sifuri.
Nikamwandika, nikamhamisha, nikamfuta,
nikamwandika tena, mara sitini na kitu kwa usiku mmoja.
Hakulalamika.

Julai, siku ya kwanza ya kupima. Ukungu hadi mlangoni.
Apaikunda Temu akaleta gunia, kilo thelathini na nane.
Aikande akabonyeza. Mtandao ukaduwaa.
Akabonyeza tena.
Jioni Apaikunda alikuwa na kilo sabini na sita.
"Gunia moja," Aikande akaniambia, "halipandi mzani mara mbili
eti kwa sababu mpimaji kapiga chafya."
Basi nikabandika namba kwa kila gunia,
ili dirisha likiletewa lile lile
liseme tu: hili ninalo.

Nikanyoosha kidole nifute zile za ziada.
Akanishika mkono. Akafungua daftari:
jina limepigwa mstari mmoja wa kalamu, bado linasomeka,
pembeni A.K. na tarehe.
"Sisi hatufuti. Ukifuta, mwakani nitabishana na hewa."

Nikarudi Majengo nikaubomoa mlango wa nne,
mahali pake nikaweka mstari:
nani kapiga, lini, kwa nini.
Majaribio yangu yote yakawaka mekundu, thelathini na moja,
nikayapitia moja moja mpaka yakawa kijani,
kama kahawa inayoiva kinyumenyume.

Siku ya malipo mwenyekiti akasoma orodha kwa kipaza sauti.
"Fulani Fulani!"
Kimya.
"Fulani Fulani, Kitongoji cha Majaribio!"
Kijana mmoja nyuma kabisa akanyanyua mkono.
Watu walicheka hadi mwenyekiti akavua miwani.
Aikande hakucheka. Aliniita kwa kidole,
akanisogezea kalamu, ingawa alijua
kalamu siku hizi haifiki huko.

Fulani yumo hadi leo, kapigwa mstari mmoja,
pembeni herufi zangu na tarehe.
Kila msimu ukifunguliwa, kabla ya gunia la kwanza,
namwulizia dirishani nione kama linaitika.
Linaitika: yupo, kapigwa mstari, kilo sifuri.
Mwaka huu tena hajaleta kahawa.