Mbuzi Huyu ni wa Nani?

Maji hayaendi chini, sinki limekuwa ziwa,
huku kwetu Ngamiani, jirani ameshajuwa.
Nampata Mgandini, fundi bomba Semkiwa,
kaja na waya begani, maneno hakujaliwa.

Nilikwisha kumsema, Mwanaidi mkwe wangu,
kwamba hakufunzwa vyema, kukung'uta kila chungu.
Aliinama, kahema, akameza neno chungu,
nami nikazidi vuma, debe tupu peke yangu.

Akafungua kiwiko, bomba likamwaga tope,
kikatoka na kijiko, kisha bonge, jeupe pe:
machicha, miba, ukoko, yanuka ufumbe kope.
Akalichota kwa mwiko, ndooni, bila mapepe.

“Mbuzi huyu ni wa nani?” akanena mara moja.
Macho nikatupa chini, sikuwa na hata hoja;
na nazi humu nyumbani, mkunaji ni mmoja.
Mwanaidi mlangoni, kasimama, akangoja.

“Bomba,” asema, “si jaa, si tumbo lisilochoka.
Machicha, kuku wa njaa, waite, watayataka.
Mafuta yakizubaa, ukutani hujishika.
Chujio dogo lafaa, tunduni ukaliweka.”

Jioni nikayabeba, machicha, kwa kuku wake
Mwanaidi; wakashiba, nikarudi kando yake.
Kooni neno la toba, likaganda, lisitoke.
Akaniita, si haba: “Mama, maji yenda zake.”