Kitana Kilichoachwa Kichwani

Saluni ya Aluoch, nyuma ya soko la Kibuye,
ina wasusi watatu na vichwa kumi na saba, changu kimo.
Jumamosi. Nimehesabu mara mbili,
maana ndiyo kazi yangu, kuhesabu wanaongoja:
usiku naandika kitu kisichoonekana,
kinachopanga zamu za vijikazi elfu kumi
juu ya nyuzi nne za mashine.

Hapa uzi ni mweusi, shilingi ishirini kifungu,
na hesabu ni ile ile.

Dawa ikishapakwa, Kageha hakai kuitazama ikikolea.
"Subiri hapo kwenye draya, mami,"
na vidole vyake vimeshashika kichwa kingine
kabla kiti hakijapoa.
Anayengoja hagharimu kitu: stuli moja,
kikombe cha chai, jina kwenye daftari.
Siri yote ndiyo hiyo. Niliisomea miaka minne.

Apondi akikosa mteja, hapigi hodi.
Anakwenda benchi la Kageha, anachukua nusu ya foleni,
nusu kamili: wakiwa wanne, wawili wanahama na pochi zao.
Wizi huo Aluoch huulipia mshahara.

Yuko mmoja anasukwa nywele nyembamba kama sindano,
kichwa cha kumalizika magharibi.
Aluoch anapiga kofi: "Mpishe bibi arusi."
Haulizwi kama yuko tayari.
Kitana kinabaki kichwani mwake, wima,
pale pale mkono ulipokoma,
na mkono wowote utakaorudi, hata usiwe ule wa kwanza,
utaanzia hapo.

Lakini juu kabisa ya daftari kuna jina
ambalo halijakatwa tangu Februari. Vugutsa.
Alikwenda stendi kumpokea mwanawe,
arudi amaliziwe upande wa kushoto.
Mtandio wake uko kwenye msumari.

Kwangu huyo ni kosa:
anangoja ujumbe ambao hakuna atakayeutuma,
na wa aina yake wakizidi, mashine hujaa, hulemewa, huzimika.
Ningemfuta kabla ya alfajiri, kwa mstari mmoja.

Nikamwambia Aluoch hivyo. Akacheka kwa pua.
Draya ikalia. Nikaitwa.
Akapita karibu na msumari,
akautungua mtandio, akaukung'uta vumbi,
akaurudisha.